Uzi wa kokteli ya ramu na matunda: kinachoharibu glasi yako si ramu, ni uhaba wa ndimu na barafu

Mzee wa Chujio (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Kila wikendi lazima atokee mtu humu analalamika: "Nimenunua ramu nzuri, nikachanganya na juisi, imetoka kama dawa ya kikohozi." Leo nimepata nafasi, nashusha uzi mmoja wa kueleweka. Kaeni mkao wa kula.

Kwanza niseme ukweli, mimi si mhudumu wa baa. Nimejifunza jikoni kwa kuharibu. Glasi yangu ya kwanza ilikuwa ramu, juisi ya nanasi ya boksi, sharubati nyekundu ya chupa na vipande viwili vya barafu vikielea kwa upweke. Kwa macho ilipendeza, kwa mdomo ilikuwa pipi iliyoyeyukia mfukoni. Nikaongeza ramu ili niue utamu. Ikawa pipi inayochoma. Nilihangaika hivyo miezi kadhaa, mpaka siku moja nikakamulia nusu ndimu humo ndani, nikaonja, nikavuta kiti nikakaa. Nanasi lilikuwemo siku zote, ila mimi sikuwa nalisikia.

Hesabu yangu ya glasi moja kubwa ni hii:

Ramu ml 60
Juisi ya nanasi bivu, iliyosagwa na kuchujwa, ml 90
Ndimu iliyokamuliwa saa hiyohiyo, ml 25
Pasheni 1, maji yake bila mbegu
Shira ml 15
Chumvi, chembe chache za kushika kwa vidole viwili
Barafu ya kujaza, si ya kupamba

Asiye na kipimo cha baa atumie vijiko vya kupimia. Cha chakula ni ml 15, cha chai ml 5. Kwa hiyo ramu vijiko vinne vya chakula, nanasi sita, shira kimoja, ndimu kimoja cha chakula na viwili vya chai. Habari za "kadiria tu kwa macho" ndizo zilizotufikisha hapa tulipo.

Shira haina ufundi: sukari na maji sawa kwa sawa, moto mdogo, koroga mpaka sukari ipotee, zima, iache ipoe. Usimimine sukari kavu kwenye kinywaji cha baridi. Itajikalia chini kama mchanga na funda la mwisho ndilo litakaloibeba yote.

Nanasi lichague kwa pua. Linuse upande wa kitako. Lisiponukia huko, juisi yake nayo haitanukia. Lisage bila tone la maji, kisha likandamize kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Machicha msitupe. Yafunikeni na shira ikiwa bado ya moto, yalale humo usiku mmoja, asubuhi chujeni. Mtapata shira ya nanasi, na hamtarudi kwenye ile ya kawaida.

Pasheni ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anaikata na kuitupa kwenye blenda pamoja na mbegu, mbegu zinasagika, kinywaji kinajaa vumbi jeusi lenye ukakasi. Mwaga kwenye chujio, zungusha kijiko taratibu bila kuponda, mpaka mbegu zibaki zimekauka.

Ndimu iviringishe mezani kwa kiganja mpaka ilegee, ndipo uikamue. Usilisongoe ganda kutafuta tone la mwisho. Ule weupe wa ndani na mafuta ya ganda vinaleta uchungu, na uchungu huo hautolewi na sukari.

Sasa kutikisa. Chukua chombo chenye kifuniko cha kukaza, cha plastiki ngumu au chuma; kioo chembamba na barafu havipatani. Tia kila kitu, jaza barafu, funga, zungushia taulo, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Sikiliza mlio. Mwanzo barafu inagonga kama kokoto kwenye debe, baadaye inalainika na kuwa kama mchele unaopepetwa. Vidole vikianza kuuma kwa baridi, simama. Chuja juu ya barafu mpya. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, likitikiswa linatoa povu jeupe lenyewe, unene wa kidole. Msiliondoe, ndiyo raha yenyewe.

Maswali karibuni.

Kopo la Jemu

Siti ya mbele kabisa. Asante kwa madini, mkuu.

Naongeza onyo moja kutoka uwanjani. Kama unapenda soda ndani ya kokteli yako, soda iingie mwisho, kwenye glasi, baada ya kutikisa. Mimi niliitia kwenye kopo pamoja na vingine, nikafunga, nikatikisa mara nne. Kifuniko kiliruka, pasheni ikapanda mpaka dari. Alama bado ipo, tumeizoea kama picha ya ukutani.

Mbishi wa Kudumu

Mzee, ndimu ml 25 kwenye glasi moja? Unatengeneza kokteli au unaosha samaki?

Kinywaji cha matunda kinatakiwa kiwe kitamu, basi. Na hiyo ramu ml 60 ni ya kumpakia mgonjwa mgongoni. Mimi naweka 100 na sijawahi kulalamikiwa.

Mzee wa Chujio

Mbishi, nilikuwa nakusubiri.

Tuanze na ramu. Ramu ya kawaida ina kilevi asilimia 40. Kwa hiyo ml 60 zina kilevi halisi ml 24. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina ml 25. Glasi yangu moja ni sawa na bia hiyo moja, ila inashuka kwa dakika kumi kwa sababu inanukia nanasi. Ya kwako ya ml 100 ina kilevi ml 40, yaani zaidi ya bia moja na nusu kwa glasi. Wageni wako hawalalamiki kwa sababu wakimaliza ya pili hawakumbuki ya kwanza.

Na ramu ikizidi inafukuza matunda. Unabaki na moto na sukari.

Ndimu sasa. Onja kwa kijiko kabla ya kutia barafu. Hapo inatakiwa ikuzidie kidogo kila upande: kali kidogo, chachu kidogo, tamu kidogo. Baridi inaupunguza utamu mdomoni, na maji ya barafu yanalegeza vyote. Ukionja vuguvugu ukasema "tamu kabisa, hapohapo", nusu saa baadaye itakuwa maji ya pipi. Jaribu ml 25 mara moja tu, kisha urudi unitukane.

Barafu Kavu

Mleta uzi umegusa barafu ukapita haraka. Niruhusu nikae hapo kidogo, maana ndiyo kazi yangu humu.

Watu wanaogopa barafu nyingi wakidhani italeta maji mengi. Ni kinyume. Barafu inapoza kwa kuyeyuka. Gramu 1 ya barafu ya nyuzi 0 ikiyeyuka inameza kalori 80 za joto. Ukiweka vipande viwili kwenye kinywaji chenye joto la chumba, vitayeyuka vyote na kinywaji hakitapoa. Umepata maji bila baridi. Ukijaza glasi, sehemu ndogo inayeyuka, kinywaji kinashuka karibu na sifuri, na kuanzia hapo kuyeyuka kunapungua.

Pili, barafu iliyolowa, ile iliyokaa kwenye bakuli mezani inang'aa majimaji, imekuja na maji yake ya ziada. Toa friza moja kwa moja. Tatu, barafu inabeba harufu. Kama friza yako ina samaki, kokteli yako ina samaki. Huyo Mbishi huenda samaki wake anatokea huko.

Ramu pia iwekeni friza usiku mzima. Kwa asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, inakuwa nzito tu.

Dada Pasheni

Jamani nisaidieni, niliaibika. Nilikuwa na wageni, nikataka kuwatengenezea ile ya nanasi na nazi, piña colada. Nazi sikuwa nayo nikatumia maziwa. Nikasaga na nanasi bichi mapema, nikaweka jagi kwenye friji nikijiona mwerevu. Saa mbili baadaye namimina: mabonge, na uchungu ajabu! Maziwa hayakuwa yameharibika, nilikuwa nimeyanywa asubuhi yake. Shemeji yangu alimaliza glasi kwa heshima tu, nikamwona anavyofumba jicho moja.

Mzee wa Chujio

Pole dada. Shemeji ni mtu wa kutunzwa huyo.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake ni kukatakata protini. Ndicho kinachochangia ulimi kuwasha ukila nanasi jingi. Kikikutana na protini za maziwa kinaanza kuzivunja, na vipande vinavyotoka ni vichungu. Kadiri jagi linavyokaa ndivyo uchungu unavyozidi. Asidi ya nanasi nayo inagandisha maziwa, ndiyo hayo mabonge. Maziwa mazima na nanasi bichi ni vya kusaga na kunywa papo hapo. Ukitaka kuandaa mapema, lichemshe nanasi kwanza au tumia la kopo, maana joto linakiua hicho kimeng'enya.

Lakini kwa piña colada, maziwa hayahitajiki kabisa. Chukua tui zito, lile la kwanza, kikombe 1. Tia nusu kikombe cha sukari na chumvi kidogo, pasha kwa moto wa chini huku unakoroga mpaka sukari iyeyuke. Lisichemke, litakatika mafuta yaelee juu. Likipoa, pima:

Ramu nyeupe ml 50, tui lako tamu ml 30, juisi ya nanasi ml 50. Hicho ndicho kipimo cha Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa. Mimi kama kawaida yangu naongeza ndimu ml 10, mniwie radhi. Badala ya kusaga na barafu, ligandishe nanasi lenyewe kwa vipande usiku kucha, ndilo liwe barafu yako. Linakuja zito kama uji, na likiyeyuka linaongeza nanasi badala ya maji.

Tui likikaa friji mafuta yake yanaganda kuwa mawe meupe. Halijaharibika. Liache nje kidogo, likoroge, litarudi.

Msomaji Kimya

Nimekuwa nasoma humu miaka bila kuandika. Leo historia imenitoa.

Piña colada maana yake kwa Kihispania ni nanasi lililochujwa, kwa hiyo jina la mleta uzi limekaa mahali pake. Ni kinywaji cha Puerto Rico, na mwaka 1978 kilitangazwa kuwa kinywaji cha taifa huko. Aliyekibuni ndiyo ugomvi. Hoteli ya Caribe Hilton ya San Juan inasema ni mhudumu wake Ramón Marrero, 1954. Mgahawa wa Barrachina, mji huohuo, umebandika jiwe ukutani linalosema ni wao, 1963. Mpaka leo kila mmoja anauza glasi kwa hadithi yake.

Na kuna jambo linaloniumiza: Mai Tai, kokteli nyingine ya ramu. Watu wanaijaza nanasi wakidhani ndiyo asili yake. Ile ya Victor Bergeron, maarufu kama Trader Vic, aliyoitengeneza Oakland, California, mwaka 1944, haikuwa na tone la nanasi. Ilikuwa ramu iliyozeeka, ndimu, kilevi kitamu cha machungwa, shira ya lozi na shira ya sukari. Nanasi liliingia baadaye ilipofika Hawaii.

Kuhusu ndimu namuunga mkono mleta uzi. Visiwa vya Karibi wana kanuni yao ya zamani ya panchi ya ramu: moja chachu, mbili tamu, tatu kali, nne nyepesi. Hiyo nyepesi ni maji, barafu au juisi. Angalieni kilichotajwa kwanza. Ila mbili tamu ni nyingi kwa mdomo wangu, mimi naishia moja na nusu.

Mbishi wa Kudumu

Mmeandika vitabu. Swali dogo: ramu ipi? Nyeupe au nyeusi? Maana nimeambiwa nyeusi ndiyo iliyozeeka, nyeupe ni ya kusafishia vioo.

Mzee wa Chujio

Aliyekuambia kakudanganya nusu. Ramu nyingi hutengenezwa kwa molasi, ile rojo nyeusi inayobaki baada ya kutoa sukari kwenye miwa. Ikitoka mtamboni haina rangi. Ikilala kwenye pipa la mwaloni inapata rangi. Lakini zipo nyeupe zilizolala pipani kisha zikachujwa kwa mkaa rangi ikaondoka, na zipo nyeusi zilizopakwa rangi kwa sukari ya kuungua. Kwa hiyo rangi peke yake si cheti cha kuzaliwa.

Ya Martinique, kisiwa cha Karibi, ni habari nyingine. Nyingi ya huko inatoka kwenye maji ya muwa yenyewe, inanukia majani mabichi. Nzuri sana na ndimu tupu, ila ikikutana na nazi wanagombana.

Kwa kipimo changu cha hapo juu, weka nyeupe ml 45 na ya kahawia ml 15. Nyeupe inaacha matunda yaongee, ya kahawia inaleta ile harufu ya sukari iliyoungua chini. Ghali ya kunywa taratibu usiitie kwenye pasheni, ni kuivunjia heshima. Na isiyo na lebo, ya kuchotwa kwenye dumu usijue ilipotoka, usiiguse hata ikiwa ya bure. Pombe iliyochakachuliwa inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofua macho na kuua.

Zamu ya Usiku

Nipite haraka kabla sijaingia kazini. Kama uko kwenye dozi ya metronidazole, kokteli isubiri hadi umalize dozi, na baada ya hapo uache siku kadhaa kama karatasi ya dawa inavyosema. Dawa za usingizi na ramu ndiyo kabisa. Na vinywaji hivi vitamu watoto wanavionea njaa, glasi isiachwe chini ya kiti mkienda kucheza.

Mzee wa Chujio, nanasi umenitamanisha. Kesho nalala, keshokutwa natikisa.

Sinywi Pombe

Na sisi tusiogusa kilevi tunakula kwa macho? Nikitoa ramu inabaki juisi tu ya kawaida.

Kopo la Jemu

Mke wangu hanywi, kwa hiyo hili nimelifanyia kazi. Ukiitoa ramu unakuwa umetoa ukavu na moto, kwa hiyo virudishe kwa njia nyingine. Chai ya rangi, nzito kweli, iliyopozwa, ml 45 mahali pa ramu: hiyo inaleta ukavu. Moto unaupata kwa tangawizi mbichi, ikwangue na uikamulie kwenye kitambaa, kijiko cha chai kimoja kinatosha. Vingine vyote acha vilevile, tikisa vilevile. Juu nikwangulie kungumanga kidogo. Wageni wananiuliza glasi ipi ni ya nani.

Dada Pasheni

Nina wageni tena Jumamosi, watu nane. Nikitikisa glasi moja moja nitamaliza kesho yake. Jagi linawezekana?

Mzee wa Chujio

Linawezekana, ila zidisha kwa akili. Mara nane: ramu ml 480, nanasi ml 720, ndimu ml 200, shira ml 120, pasheni 8. Sasa, kutikisa kulikuwa kunaongeza maji ya barafu, na kwenye jagi hujatikisa. Kwa hiyo weka maji baridi kama ml 400 wewe mwenyewe. Najua inauma kutia maji kwenye kinywaji, lakini bila hayo wageni watakunywa rojo.

Ndimu kamua siku hiyohiyo, ikiwezekana saa chache kabla. Ya jana inapoteza ung'avu wake na inaanza kuwa na ladha ya kopo. Barafu isiingie kwenye jagi, iingie kwenye glasi. Shira tia robo tatu kwanza, onja, ndipo umalizie. Mananasi hayafanani, mengine ni sukari tupu.

Na shemeji yupo?

Dada Pasheni

Yupo. Kaniuliza kama kutakuwa na maziwa.

Mbishi wa Kudumu

Wakuu, nimerudi. Nimejaribu jana usiku, ml 60 na ndimu ml 25 kama ilivyoandikwa, nikijua nakuja kumuumbua mtu. Nikatikisa mpaka vidole vikaniuma. Povu lilitoka. Nikaongeza shira kijiko kimoja cha chai, hilo sifichi.

Leo ndugu zangu wamekuja wanataka ileile na ndimu zimeisha ndani. Kuna malimau matatu tu. Yatafaa?

Mzee wa Chujio

Yatafaa, anza na kipimo kilekile uonje. Samaki wanaendeleaje?